Kabla hamjasema "ni uzee"

Juma lililopita nilimsindikiza mama mdogo, aliyetujia kutoka Goma mwaka huu, kwenye kliniki moja hapa Montreal, ili nimtafsirie maswali ya kipimo cha kumbukumbu kilichobuniwa katika mji huu huu, chenye jumla ya alama 30. Daktari alimtaka achore saa inayoonyesha, kwa hesabu ya wazungu, kumi na moja na dakika kumi. Nilimwambia, "Mama, weka saa tano na dakika kumi," naye akauelekeza mshale mfupi kwenye 11 bila kusita. Nilijivuna sana. Lakini kati ya maneno matano aliyopewa ayashike, dakika chache baadaye alikumbuka mawili tu.

Damu ilipopimwa, ilionekana amepungukiwa vitamini B12, upungufu unaoweza kuleta usahaulifu na ambao hutibika. Daktari hakuahidi kwamba yote yatarudi. Nilitoka pale na hasira, kwa sababu miaka miwili sufuria zilipokuwa zikiungua jikoni kwake Himbi, mtaa wa Goma, ukoo mzima, nami nikiwemo kwenye simu, tulisema neno moja: ni uzee.

Najua nitakavyojibiwa: kwamba Canada imenipanda kichwani, na kwamba anayelala akisikiliza milio ya risasi hana nafasi ya kuhangaikia mzee aliyesahau chumvi. Hali hiyo naijua, nimekulia humo, wala sisemi kwamba huku wanawapenda wazee kuliko sisi. Katika kliniki ile hakuna aliyemwuliza habari za maisha yake. Kwetu wajukuu humwomba kila mara asimulie tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto hadi ziwani, naye huwatajia waliotangulia kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, aliyebeba godoro, na aliyerudi kutafuta mbuzi. Hilo ni zuri letu, na ndilo lililotudanganya: mambo ya kale huchelewa kufutika, ya asubuhi hii ndiyo hutangulia, kwa hiyo tulisikia simulizi halina pengo tukaamini kwamba hakuna kilichopungua.

Wengine hubaki na usahaulifu mdogo kwa miaka bila kuzidiwa, na wengine hupata nafuu, maana chanzo huweza kuwa tezi ya shingo, huzuni ya kufiwa au dawa za usingizi. Kuanza kuuliza hakuhitaji Montreal. Baba mkubwa, anayerudia swali moja mara tatu, nimeomba apelekwe Jumatatu kituo cha afya, apimwe presha na masikio, akiwa amebeba dawa zake zote. Na atakayesema ni uzee anipigie mimi kwanza.