Ayutthaya: magofu yaachwe yalivyo au yajengwe upya?

Mtu akirudi kutoka Thailand na picha za Ayutthaya mjadala huwa ni uleule, wengine watasema jamani mbona hawakarabati, hekalu zuri hivi limebaki matofali matupu na sanamu za Buddha hazina vichwa, wengine watasema ukishajenga upya umeua historia. Mi naona wote wana hoja, ila kuna kitu wote wanakiruka.

Kwa asiyeijua, Ayutthaya iko kama kilomita 80 kaskazini mwa Bangkok, ilikuwa mji mkuu wa Siam (ndo Thailand ya sasa) toka 1351 mpaka jeshi la Burma (ndo Myanmar ya sasa) lilipouteka na kuuchoma 1767. Unesco wakaiweka kwenye urithi wa dunia 1991.

Wanaotaka ijengwe shida yao sio urembo, ni kwamba kwao pale bado ni mahali pa ibada. Nenda hekalu la Wat Mahathat uone, kuna kichwa cha Buddha kimekumbatiwa na mizizi ya mti, kipo chini kabisa, na ukitaka kupiga nacho picha inabidi uchuchumae ili kichwa chako kisizidi chake, ukijisahau ukasimama mlinzi anakukemea hapohapo. Mwili wa sanamu hakuna, mnara mkuu wa hekalu ulishaporomoka mwanzoni mwa karne ya 20, lakini heshima iko palepale, sasa mtu wa hivyo utamwambiaje kwamba hili ni gofu la kuangalia tu? Na kujenga walishajenga. Jengo la Mongkhon Bophit, lenye Buddha mkubwa wa shaba, lilirudishiwa kuta na paa miaka ya 1950, na waziri mkuu wa Burma alipotembelea 1955 akachangia baht 200,000 (hela ya Thailand), yaani nchi ileile iliyochoma. Leo watu wanaingia mle kusali kama kawaida.

Upande wa pili nao usikilizwe. Jirani kabisa na hilo jengo kuna Wat Phra Si Sanphet, hekalu la wafalme, limeachwa gofu. Pale alikuwepo Buddha aliyesimama, urefu kama mita 16, kafunikwa dhahabu, Waburma wakawasha moto wakaiyeyusha dhahabu yote, mabaki yake yakapelekwa Bangkok yakahifadhiwa ndani ya chedi (mnara wa Kibuddha wa kuhifadhia vitu vitakatifu) huko hekalu la Wat Pho. Ukimrudisha leo utamchonga kwa kufuata nini, picha hamna, utakuwa umetengeneza sanamu mpya na kuipa jina la zamani.

Ila sasa hao wanaosema "acha kama adui alivyoacha", adui hakuacha hivyo! Bangkok ilipofanywa mji mkuu 1782 matofali ya Ayutthaya yalisombwa kwa mto kwenda kujenga mji mpya, na 1957 wezi wakatoboa mpaka chumba cha chini cha Wat Ratchaburana wakabeba dhahabu. Halafu zile chedi tatu maarufu za Si Sanphet, zenye umbo la kengele, mbili zimekarabatiwa karne ya 20. Kwa hiyo unachokipigia picha ukidhani ni 1767 kimeshapita mikono mingi sana.

Tena kuacha hakumaanishi kukaa tu. Mafuriko ya 2011 yaliingia mpaka ndani ya mahekalu, na tofali la zamani linanyonya maji vibaya mno, usipoziba nyufa ukuta unakwenda, ukiziba kwa saruji badala ya chokaa unyevu unanasa ndani na tofali linaanza kumumunyuka, so hata fundi wa kuziba ufa tu anatakiwa ajue anachofanya.

Mimi niko upande wa kuacha, kwa sharti moja. Mongkhon Bophit ipo, wa kusali wana pa kusali, sehemu nyingine ziimarishwe tu zisianguke, lakini kilichoongezwa kisifichwe. Kama ni mimi ningeanza na kibao cha herufi kubwa pale Si Sanphet, chedi ipi ni ya zamani na zipi ni za juzijuzi, maana nimelipa kiingilio nijue naangalia nini.