Umbali uwanjani sio shida, shida ni kukatiza

Kuna lalamiko nalisikia sana kwa watu wa hapa Kigoma wakirudi safari za mbali, eti ndege imeshatua Amsterdam vizuri tu halafu inatembea chini robo saa nzima, mashamba kulia na kushoto, mnavuka mpaka daraja na chini yake magari yanapita, na mlangoni bado hamjafika. Wanasema ule uwanja umechorwa hovyo. Nawaelewa, maana sisi huku uwanjani kwetu Katubuka ndege ikishasimama ngazi inashushwa unatembea kwa miguu yako mpaka ndani, kazi iliyobaki ni kusubiri begi. Lakini naona tunapima kitu ambacho sicho.

Ile ranwei, yaani njia ya kurukia na kutua, ya mbali ya Schiphol, uwanja wa huko Amsterdam, inaitwa Polderbaan, ilianza kutumika 2003, ina urefu wa mita 3,800 na iko mbali kiasi kwamba ilibidi ijengewe mnara wake mwingine wa kuongozea ndege. Waliisogeza kule makusudi ili kelele zisiwaangukie watu wengi majumbani. Kwa hiyo jirani wa uwanja amepona, abiria na rubani ndio wanalipa, mafuta yanaungua chini bure na mtu wa kuunganisha ndege anaangalia saa roho juu. Hiyo hasara ni ya kweli, siikatai.

Ila kwa rubani urefu wa njia sio kitu cha kutisha, cha kutisha ni pale inapobidi akatize ranwei ambayo wenzake wanaitumia, au viungio, zile njia ndege inazotembelea chini kwenda na kutoka ranwei, viwe vingi vinafanana mpaka asijue yuko wapi. Hapo hapo Schiphol Februari 2010 ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, iliruka kutoka kwenye kiungio badala ya ranwei, bahati nzuri hakukuwa na kitu mbele. Na ipo ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977, maegesho ya uwanja yalijaa ndege zilizoelekezwa pale ghafla zikaziba na kiungio, ikabidi ndege zitembee juu ya ranwei yenyewe, ukungu ukashuka, mawasiliano yakachanganyika, Boeing 747 mbili zikagongana na watu 583 wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, ila bila ndege moja kulazimika kupita mahali pa kurukia nyingine zisingekutana pale.

Uwanja wa Atlanta kule Marekani wameonyesha njia. Wana ranwei tano zilizo sambamba na majengo yako katikati, na tangu 2007 wana kiungio kinachozunguka mwisho wa ranwei, kimechimbwa chini kidogo, ndege iliyotua inapita huko huku nyingine inaruka juu yake na hakuna anayemsubiri mwenzake. Safari ya chini ni ndefu zaidi kwa mita, lakini rubani hakatizi mahali, na mimi ningechagua hiyo siku zote.

Sasa njoo kwa abiria, utakuta ni yale yale. Schiphol unatembea mpaka miguu inauma ila uko chini ya paa moja, unafuata vibao mpaka geti. Dar tangu 2019 Terminal 3 ilipofunguliwa ndege za nje zilihamia huko, za ndani zikabaki Terminal 2. Majengo yenyewe yako jirani, lakini mama aliyetoka Kigoma na dumu lake la mawese limefungwa gundi ya karatasi mara tatu, anakwenda kwa mwanae Muscat na ndio safari yake ya kwanza, anachukua mzigo, anatoka nje kwenye jua na madereva teksi wanamwita kila upande, anatafuta jengo lingine, anaanza upya, viatu vua, mkanda, skana. Hapo ndipo watu wanapotea na kuachwa na ndege, sio kwenye korido ndefu.

Majengo tofauti nayo yana faida. Foleni hazirundikani sehemu moja, unaongeza jengo bila kufunga la zamani, na anayeletwa na gari kutoka Mbagala anafika kaunta haraka. Paul Andreu aliyechora Terminal 2 ya Dar, iliyofunguliwa 1984, ndiye alichora na lile jengo la duara la Charles de Gaulle kule Paris, ambalo nia yake ilikuwa kufupisha mwendo kati ya gari na ndege. Kwa anayeanzia safari mjini pale ni mpango mzuri. Kwa anayeunganisha haumsaidii, na sisi wa Kigoma na Tabora tukienda nje karibu wote ni wa kuunganisha.

Kwa hiyo sidai mtu abomoe kitu Dar. Nachotaka ni begi la mtu wa Kigoma lipokelewe mara moja tu Katubuka likamsubiri Muscat, na liwepo basi la ndani ya uzio kati ya Terminal 2 na 3, ili abiria wa kuunganisha asitoke nje kabisa.