Kitanzi, upanga au sindano: tunabishana kuhusu lipi?

Mwaka 2025 Mkenya aliyekuwa akingoja kuuawa Saudi Arabia aliachiliwa baada ya jamaa za marehemu kukubali diya, yaani fidia ya damu. Hapa Mombasa, mji wenye watoto wengi waliotawanyika Jeddah, Riyadh na Doha kutafuta riziki, habari kama hiyo haiishi upesi barazani. Swali linalorudi ni moja: je, kukatwa kichwa kwa upanga ni ukatili kuliko kitanzi kilichomo katika sheria yetu wenyewe?

Wanaoutetea utaratibu ule wa Saudi Arabia wana hoja nzito. Katika kesi za kisasi, jamaa za aliyeuawa wanaweza kusamehe hadi dakika ya mwisho. Kwetu sheria haimpi mama wa marehemu neno hilo. Lakini msamaha wenye bei humfaa aliye na wa kumchangia. Asiye na mtu hubaki na upanga.

Marekani wamehangaika kutafuta kifo kisichotisha. Texas ilianza kutumia sindano ya sumu mwaka 1982, mfungwa akilazwa kitandani kama mgonjwa. Mwaka 2014 huko Oklahoma, mfungwa mmoja alichukua dakika zipatazo 43 kufa. Alabama ilijaribu kumuua mtu kwa sindano mwaka 2022, mshipa ukakosekana, akarudishwa seli; Januari 2024 ikamuua mtu yuyo huyo kwa kumvutisha gesi ya nitrojeni. Mwaka uliofuata mfungwa wa South Carolina alichagua mwenyewe kupigwa risasi, akiziogopa njia nyingine. Nikiangalia safari hiyo naona aliyetulizwa zaidi ni mtazamaji. Anayekufa hakupunguziwa kitu cha hakika.

Hata hivyo siwezi kusema njia haina maana. Mwaka 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha iliamua kwamba kunyonga kunavunja utu wa mtu. Miaka kumi kabla yake, majaji wengi wa Mahakama ya Juu ya Uganda katika kesi ya Kigula walikataa kusema kitanzi kinakiuka katiba. Na yuko mzazi aliyezika mwanawe, asiyeelewa kwa nini maumivu ya muuaji yapimwe kwa makini namna hii wakati ya mwanawe hayakupimwa na yeyote. Sina jibu la kumtosha mzazi huyo, wala sidhani ana makosa kuuliza.

Ila Kenya ina tatizo kubwa kuliko njia. Hatujanyonga mtu tangu 1987, walipouawa katika gereza la Kamiti wanajeshi waliohusika na jaribio la mapinduzi la 1982. Mwai Kibaki aliwapunguzia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 mwaka 2009, ikawa kifungo cha maisha. Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa 2,747 mwaka 2016. Kila mara foleni ya waliohukumiwa hujaa upya, kwa sababu sheria yenyewe haikuguswa.

Mombasa ilikuwa imeonyesha njia. Mwezi Julai 2010 Mahakama ya Rufaa, ikiketi hapa hapa, iliamua katika rufaa ya Godfrey Mutiso kwamba jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji bila kumsikiliza kwanza. Mahakama hiyo hiyo ikarudi nyuma mwaka 2013, mpaka Mahakama ya Juu ikaurudisha msimamo ule wa kwanza Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi wake unahusu mauaji peke yake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kijana wa Kisauni aliyemnyang'anya mtu simu akiwa na panga, au akiwa na mwenzake tu, anaweza kushtakiwa kwa wizi wa mabavu. Hakuna aliyekufa. Kesi yake husikizwa na hakimu, si jaji wa Mahakama Kuu, na kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinataja adhabu moja tu, kifo. Aliyeua hupewa nafasi ya kueleza umri wake, maisha yake na majuto yake kabla adhabu haijapimwa. Aliyepora, sheria haimwachii hakimu cha kupima. Bunge lingeweza kukirekebisha kifungu hicho bila kungoja taifa likubaliane kuhusu kitanzi.