Usiku Ule Tulipochukua Kombe la Ulaya Malaba

Kuna lita moja ya petroli ambayo mji wa Malaba, upande wa Uganda, unanidai mpaka leo, na nimeona heri niitaje mwenyewe. Mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira alishahama, jenereta yake iliuzwa kama chuma chakavu, na kinyozi ameota mvi, hawezi tena kunikimbiza.

Kwanza mnijue. Nimelelewa na bibi yangu, nyumba chache kutoka barabara ya malori. Malaba ni mji wa foleni. Mizigo inatoka Mombasa kwenda Kampala na Kigali, na malori yote yanapanga mstari pale kungoja karatasi za forodha. Kiswahili chetu tulikiokota chini ya malori hayo, kwa madereva na matanboi wao. Na timu za mpira tulizipata vivyo hivyo, kwa kuokota. Hakuna mtu Malaba aliyekaa chini akachagua timu.

Kinyozi, kwa mfano, ni Manchester United kwa sababu chumba alichopanga alikikuta na picha ukutani. Mpangaji aliyetangulia alikuwa ameibandika kwa gundi, haibanduki. Wateja wakaanza kumwita mtu wa Manchester, naye angekataa vipi huku Beckham amesimama juu ya kioo chake? Baada ya miaka miwili alikuwa tayari kupigana.

Muuza chapati ni Liverpool kwa aibu. Fainali ya Kombe la Ulaya la vilabu, Istanbul 2005, mapumziko Milan wanaongoza tatu bila, yeye akainuka, akajinyoosha, akaenda kulala. Njiani kila aliyemuuliza alimwambia Milan bingwa. Usiku huohuo Liverpool wakarudisha zote tatu na kushinda kwa penalti. Asubuhi alichekwa mpaka unga ukamwagika, na toka siku hiyo akaishabikia Liverpool kama mtu anayelipa kafara. Mimi ndiye niliyemcheka kuliko wote. Hilo mliweke akilini.

Mimi Arsenal niliipata kwa ajili ya miguu. Mwaka 1999 nilikuwa na miaka kumi, mrefu kupita rika langu, miguu kama fito za kujengea, na shuleni wakiniita Korongo. (Korongo ndiye nembo ya taifa letu, lakini watoto wa darasa la nne hawakuwa wakinipa heshima ya taifa.) Jumamosi moja ya Oktoba nikachungulia kwenye tundu la mkeka wa mafunjo uliokuwa ukuta wa kibanda, kwa kuwa pesa ya kiingilio sikuwa nayo, nikamwona mtu mweusi mwenye miguu yangu. Ileile! Chelsea walikuwa nyumbani kwao wanaongoza mbili bila, na yule bwana akafunga matatu katika robo saa ya mwisho. La mwisho alimtoka kipa pembeni, karibu kabisa na mstari wa goli, mahali ambapo mtu mwenye akili angepiga krosi. Wakasema anaitwa Kanu, Mnigeria wa Arsenal.

Nilikwenda nyumbani nikitembea kwa maringo. Kwa mwaka mzima niliamini kwamba Arsenal ni timu ya Nigeria ambayo, kwa bahati mbaya, kila wiki inacheza ugenini.

Mjomba wangu, mtu wa damu wa SC Villa ya Kampala, alihuzunika. Villa kwetu inaitwa Jogoo, Arsenal nembo yake ni mzinga wa vita, na mjomba alikuwa akisimulia ilivyofika fainali ya klabu bingwa Afrika 1991, dhidi ya Club Africain, kana kwamba yeye ndiye aliyebeba viatu. "Umeacha jogoo wa nyumbani, akiwika unamsikia," akaniambia, "umefuata mzinga wa Waingereza. Moshi wake tu hutauona." Nikamjibu kwamba mzinga haufugwi. Nilikuwa na mdomo.

Kanu mwenyewe alihama 2004 kwenda West Bromwich Albion. Nilijaribu kumfuata kwa wiki mbili hivi, lakini jina lile huwezi kulipigia kelele. Ukifika "Albion" wenzako wameshakaa. Tena Arsenal walikuwa ndio kwanza wamemaliza ligi, mechi 38, bila kufungwa hata moja. Nani anahama nyumba wakati wa harusi?

Sasa tuje Jumatano ya tarehe 17 Mei 2006. Arsenal na Barcelona, Paris, fainali ya kwanza ya Arsenal katika kombe lile. Ulikuwa mwaka wa giza Uganda. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamepungua, mitambo ya Jinja haina nguvu, umeme tunagawiwa kama dawa. Kibanda kiliishi kwa jenereta, na mimi, nikiwa na miaka 17, ndiye niliyekuwa waziri wa mafuta. Kazi yangu ilikuwa kununua petroli kwa mama mmoja wa majerikeni na kuimimina, na malipo yangu yalikuwa kuingia bure.

Siku hiyo nilipewa pesa ya lita tano. Nikanunua nne. Ya tano nikanunulia kitambaa chekundu, meta mbili, nikajifunga mabegani kama sultani. Niliona fainali bila rangi ya timu ni kama kwenda msibani na kaptura. Basi saa tatu na dakika arobaini na tano usiku timu zikatoka uwanjani, Arsenal wamevaa njano. Kibanda kizima kikanigeukia.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaweka dau. Kinyozi, ambaye usiku huo aliazima Barcelona kwa chuki tu, alileta jogoo wake mweupe. Mimi nilimleta jogoo mwekundu wa bibi, nikimficha ndani ya kitambaa. Wote wawili wakafungwa miguu na kukabidhiwa kwa muuza chapati, awe mwamuzi.

Mpira wenyewe mnaujua. Dakika ya 18 kipa Lehmann akatolewa kwa kadi nyekundu, tukabaki kumi. Dakika ya 37 Henry akapiga faulo, Sol Campbell akapanda hewani, kichwa, goli! Mzee mmoja alitoboa bati la kibanda kwa fimbo. Kipindi cha pili Henry akabaki yeye na kipa Valdés, akampelekea mikononi. Tulikuwa bado tunashika vichwa pale niliposikia jenereta nje inakohoa.

Nilikijua kile kikohozi. Kilikuwa cha lita moja.

Picha ikajikunja, ikawa mstari, ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, halafu nukta nayo ikatuaga. Giza. Watu zaidi ya mia moja wakavuta pumzi kwa pamoja, ukuta wa mafunjo ukaingia ndani kidogo, naapa niliuona.

"Wewe Korongo!" mwenye kibanda akaunguruma. "Lita tano zimekwenda wapi?"

"Hii jenereta siku hizi inakunywa sana, mzee," nikasema, nikatoka mbio kwa mama wa majerikeni. Nilikuta mlango umefungwa na mbwa amefunguliwa. Nikarudi kwa kasi kuliko nilivyokwenda.

Binamu yangu wa Kampala alikuwa anatazama huko, na kwenye simu yangu palikuwa na salio la kama nusu dakika. Nikampigia kibanda kizima kikiwa kimenizunguka. "Ngapi?" Akapiga kelele: "Bado moja bila! Dakika ya sabini na tano!" Simu ikakatika. Nikawapa taarifa kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Shangwe. Kumbe dakika iliyofuata ndiyo ya Eto'o, lakini hayo tungeyajulia wapi?

Tukakaa gizani tunahesabu kwa saa ya mkono ya mwalimu mmoja, akiimulika kwa kiberiti. Wamehimili karibu saa nzima wakiwa kumi, tukasema, robo saa itawashinda? Mwalimu akatangaza kwamba dakika tisini zimetimia. Akaongeza nne za majeruhi, kwa ukarimu wake. Na kiberiti cha mwisho kilipozimika tu, kule barabarani lori likapiga honi. Likafuata la pili. Kisha foleni nzima, honi mpaka kuelekea Tororo.

"Madereva wana redio!" nikapiga mayowe. "Tumechukua!"

Muuza chapati alisita. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyeungua, kwamba yeye hatangazi tena bingwa bila kuona kombe. Nikamwambia woga ndio uliomtia Liverpool. Nikamnyang'anya majogoo. Dereva mmoja wa Mombasa akamchinja yule mweupe kwa bismillahi, kijana wa nyama choma akamnyonyoa na kumweka motoni, na mwekundu nikamwacha amefungwa hapo benchini, mshindi mwenzangu. Kinyozi alitazama yote haya bila kusema neno, mikono kifuani.

Halafu tukaandamana. Nilitangulia mbele na kitambaa changu, tukapita katikati ya malori tukiimba, mpaka karibu na daraja la mto, mpakani. Na hapo, kutoka upande wa Kenya, likaja kundi jingine la watu wa kwetu waliokuwa wamevuka kwenda kutazama mpira huko, maana usiku huo kule umeme ulikuwepo. Nao wanaimba. Wanaimba Barcelona.

Makundi mawili yakasimama uso kwa uso. Sisi tukawacheka wao, wao wakatucheka sisi. Kwa dakika kama mbili, kwenye daraja lile, Kombe la Ulaya lilikuwa na mabingwa wawili na kila mmoja anamhurumia mwenzake.

Askari wa zamu akatoka kibandani kwake, redio ndogo sikioni. "Nyinyi wa kitambaa," akasema, "mnashangilia nini? Mbili moja. Eto'o, halafu Belletti."

"Na honi?" nikauliza. Sauti ilitoka nyembamba.

"Honi za nini? Foleni imesogea."

Nimeona misiba, lakini sijaona maandamano yanayogeuka nyuma kimya namna ile. Kundi nililovuta pale kwa miguu ya Kanu nikarudi nalo kwa miguu hiyohiyo, safari hii bila maringo. Nilipofika kwa nyama choma nikamkuta kinyozi ameshakaa, kachumbari mbele yake, anatafuna paja la jogoo wake. Mwekundu alikuwa kwapani mwake.

"Huyu wa motoni mmeniulia bure," akasema, "utanilipa. Huyu mzima ni wa dau. Kaa, ule shingo."

Nikala shingo. Muuza chapati alinikaribisha chai, hakutoza, na hakunicheka hata kidogo, jambo ambalo liliniuma kuliko yote.

Bibi huamka kwa jogoo. Saa hakuwa nayo wala hakuitaka. Alfajiri ile nilikuwa nimelala macho, kitambaa nimejifunika mpaka kichwani, nikamsikia anakohoa, anatafuta kandambili zake, anatulia. Kutoka mbali, nyumba ya nne, jogoo akawika. Bibi akafungua mlango, akasimama kizingitini muda mrefu.

"Mjukuu wangu," akaniita. "Mbona jogoo wetu anawikia kwa kinyozi?"

"Huo ni mwangwi, bibi."

Akatafakari. Akaenda mpaka bandani, akarudi.

"Mwangwi wa nini," akasema, "na huku hakuna aliyewika?"