Dola 100 kwa Alan Page

Oktoba 1978 Minnesota Vikings, timu ya futiboli ya Kimarekani, walimwacha mchezaji wao Alan Page. Alikuwa amewachezea tangu 1967 bila kukosa mechi hata moja. Kanuni za NFL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani, ziliiruhusu timu nyingine kumchukua mchezaji aliyeachwa kwa kulipa ada ndogo, na Chicago Bears wakailipa: dola 100. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1971 alitajwa Mchezaji Bora wa ligi nzima, mlinzi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Baada yake ameipata mlinzi mwingine mmoja tu, Lawrence Taylor, mwaka 1986.

Kosa lake? Alikonda.

Kwa sisi tuliokulia kwenye soka, futiboli ya Kimarekani huonekana kama rundo la wanaume wanaogongana. Page alicheza katikati ya mstari wa mbele wa ulinzi, uso kwa uso na mapande ya watu ambayo kazi yao ilikuwa kumzuia asimfikie kwotabeki, yule anayepanga na kurusha mpira. Mpira ukishaanza, mlinzi ana sekunde mbili tatu tu. Wengi katika nafasi ile hutegemea uzito. Page alitegemea hatua ya kwanza. Aliyetumwa kumzuia alikuwa bado anainuka, naye ameshapita. Yeye, Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen waliogopwa hadi wakapewa jina la Wala Watu wa Zambarau, kwa rangi ya jezi zao.

Miaka ya sabini alianza kukimbia mbio ndefu pamoja na mkewe, Diane. Kilo zikapungua, kutoka kama 110 hadi karibu 100. Kocha Bud Grant aliona kwamba mtu wa uzito huo haifai tena kazi ya mstari wa mbele. Kumbuka pia kwamba Page alikuwa mtu wa chama cha wachezaji. Alishiriki mgomo wa 1974, na jina lake limo katika kesi ya wachezaji dhidi ya ligi iliyowafungulia mlango wa kuhama timu kwa uhuru zaidi. Na mwaka huohuo wa 1978 alikuwa amehitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Minnesota, huku akiendelea kucheza.

Nikiyaweka yote hayo pamoja, namwona mtu aliyekataa kuiuzia timu mwili na akili yake vyote kwa pamoja. Timu ilinunua uchezaji wake wa Jumapili. Muda wake uliobaki, mapafu yake, vitabu vyake, vilikuwa vyake mwenyewe. Nampenda zaidi kwa hilo kuliko kwa mataji. Na taji kubwa hakulipata: alicheza Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mara nne na kupoteza zote nne.

Nilipokuwa sekondari nilicheza mpira wa kikapu, na mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya darasa akaniambia mshika mawili moja humponyoka. Niliacha kikapu wiki ileile. Sidai kwamba ningefika popote, lakini uchungu wa siku ile ninao mpaka leo, na ndiyo maana habari za Page hunigusa kiasi hiki. Mara ya kwanza alipojaribu kusoma sheria, katika chuo kingine, aliacha baada ya wiki chache. Mwenye methali angesema, si nilikwambia? Miaka kadhaa baadaye alirudi darasani, safari hii akamaliza. Kisha akaenda Chicago akacheza mechi nyingine 58 kwa mwili uleule uliosemwa umepungua, na mwaka 1979 akawa mchezaji wa kwanza wa NFL kumaliza marathoni akiwa bado anacheza ligi. Alipostaafu 1981 alikuwa amecheza mechi 218 mfululizo. Basi kipi kilichomponyoka?

Uwakili ulimpeleka katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, na mwaka 1992 akataka kugombea ujaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, ambako majaji hupigiwa kura. Gavana akaongeza muda wa jaji aliyekuwepo, na uchaguzi wa kiti hicho ukawa umefutwa. Page akaenda mahakamani. Majaji wenyewe wasingeweza kuamua kesi inayohusu kiti cha mwenzao, kwa hiyo iliamuliwa na jopo la muda, naye akashinda. Uchaguzi ukafanyika, akachaguliwa, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kukaa katika mahakama hiyo. Alirudishwa na wapiga kura mara tatu zaidi, hadi alipotimiza miaka 70 mwaka 2015, umri ambao sheria ya jimbo inamtaka jaji astaafu.

Kuna jambo alilolishuhudia akiwa na Vikings ambalo naamini liliongoza mengi aliyoyafanya baadaye. Katika kikao cha walinzi, wachezaji waliambiwa wasome kwa sauti kutoka kitabu cha mbinu. Baadhi hawakuweza. Hawa walikuwa watu wazima waliopita vyuoni, wamevushwa darasa moja hadi jingine kwa sababu walijua kukaba. Najua shule za kwetu zinazofanya hivyohivyo kwa mtoto mwenye kasi: anapewa jezi, anasamehewa mtihani, na goti likivunjika anarudishwa kijijini hana lolote mkononi. Huo ni wizi. Sipati neno jingine.

Mwaka 1988 aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa futiboli, jumba la kuwaenzi magwiji wa mchezo huo, ulioko Canton, Ohio, mji aliozaliwa. Akiwa kijana alifanya kibarua katika ujenzi wa jengo hilohilo. Kwa desturi, wengi huchagua kocha au mchezaji mwenzao awatambulishe jukwaani. Yeye alimwomba mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari ya Minneapolis, na hotuba yake akaielekeza kwenye elimu.

Mwaka huohuo yeye na Diane walianzisha mfuko wa kuwasaidia vijana wa Minnesota wasio Wazungu kulipia masomo baada ya sekondari. Sharti lake ndilo linalonivutia: kila anayepata msaada lazima atoe saa 50 kwa mwaka wa masomo akiwa pamoja na watoto wa madarasa ya chini, kuanzia chekechea hadi darasa la nane, akiwasaidia kusoma na kuwa mfano mbele ya macho yao. Mtoto hamwoni nyota wa televisheni. Anamwona kijana wa mtaa wake mwenye begi la chuo.

Diane alifariki mwaka 2018. Page bado anaonekana na tai yake ya kipepeo, na kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto, kilichoteguka uwanjani, kimepinda kuelekea nje kama tawi. Anapoingia darasani, watoto huanza kwa kukiulizia hicho.