Panofsky, Gombrich na jicho la mchoraji

Mwaka 1927, Erwin Panofsky, profesa wa historia ya sanaa mjini Hamburg, alichapisha insha kuhusu perspektivu: ile kanuni ya wachoraji wa Renesansi (zama za mwamko wa sanaa na elimu Ulaya) inayoikutanisha mistari ya sakafu na dari kwenye nukta moja, ukuta bapa ukaonekana una kina. Alidai kwamba kanuni hiyo haituonyeshi dunia jinsi tunavyoiona. Sisi tuna macho mawili yasiyotulia, na retina yetu, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imepinda. Kanuni inataka jicho moja lisilotikisika. Kwake, perspektivu ilikuwa umbo la kiishara, yaani namna watu wa zama fulani walivyouelewa ulimwengu.

Ernst Gombrich, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi London, alimpinga katika kitabu chake cha 1960. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na hakuna anayeiona retina yake mwenyewe. Simama pale alipokusudia mchoraji, fumba jicho moja, na miale itakufikia kwa pembe zilezile za kitu chenyewe. Hiyo ni jiometria, iwe Florence, mji wa Italia kanuni hiyo ilikoanzia, au kwingineko.

Kuhusu macho, naona Gombrich yuko sahihi. Mapema karne ya 15 msanifu majengo Brunelleschi alichora jengo la ubatizo la Florence, akatoboa tundu kwenye ubao, na mtazamaji akachungulia kwa nyuma, akaiona picha kwenye kioo. Ililingana na jengo lenyewe.

Ila hoja ya Gombrich haigusi swali zito zaidi: kwa nini Florence, na kwa nini wakati ule? Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa ulimwengu wa Kiislamu, alikwishaeleza karne ya 11 kwamba mwanga ndio unaoingia jichoni, na wachoraji wa nchi za Kiislamu hawakujenga picha zao juu ya nukta moja. Elimu ilikuwepo, haja ya kuitumia hivyo haikuwepo. Hapo Panofsky bado ananishawishi, hata kama alikosea kuhusu retina.

Inasikitisha kwamba hoja hii haikusomwa mapema na wengi. Panofsky alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 Wanazi walimfukuza chuoni. Akahamia Marekani, na kuanzia 1935 akawa Princeton, akasifika zaidi kwa kufasiri maana za picha. Insha yenyewe ilitoka kitabu kizima kwa Kiingereza mwaka 1991, miaka 23 baada ya kifo chake, mabishano juu yake yakiwa yameshakomaa.