Suti ya Frank Kameny: ilibeba nini, iliacha nini

Mwishoni mwa 1957 Frank Kameny, mtaalamu wa falaki mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, alifukuzwa kazi katika idara ya ramani ya Jeshi la Marekani kwa kushukiwa kuwa shoga. Serikali ilishikilia kwamba shoga ana siri, na mwenye siri hutishwa kirahisi na majasusi. Kameny akairudisha hoja hiyo kwa wenyewe: mtu huyo anaogopa kufichuliwa kwa kuwa atafukuzwa, na anayemfukuza ni serikali. Ondoa adhabu, na jasusi hana tena cha kumtishia.

Wakili wake alipojitoa, Kameny aliandika mwenyewe ombi kwa Mahakama ya Juu. Machi 1961 majaji walikataa kulisikiliza. Novemba mwaka huo, yeye na Jack Nichols walianzisha Mattachine Society ya Washington, chama cha kutetea haki za mashoga.

Tarehe 17 Aprili 1965 watu 10 waliandamana mbele ya Ikulu ya Marekani. Masharti ya Kameny yalikuwa makali: wanaume suti na tai, wanawake gauni au sketi. Maneno ya mabango yaliamuliwa mapema. Kwa siku ile naona alikuwa sahihi. Walikuwa wanadai ajira, kila aliyejitokeza alihatarisha kibarua chake, na picha moja ya kuchekesha gazetini ingeyafunika madai yote.

Kosa lilikuja pale vazi la siku moja lilipogeuka kipimo cha mtu. Julai 4, 1969, siku chache tu baada ya ghasia za Stonewall, baa ya mashoga ya New York iliyovamiwa na polisi, wanawake wawili walishikana mikono katika maandamano ya kila mwaka ya Philadelphia, yaliyofuata masharti yale yale. Kameny akawatenganisha. Mwanaharakati Craig Rodwell, aliyetoka New York na vijana wake, alikasirika, na alikuwa na haki. Wanaume wenye madaha ya kike na wanawake wenye sura ya kiume hawakuweza kujificha ndani ya suti, nao ndio waliokamatwa kwanza na polisi. Kuwataka wajirekebishe ni kuikubalia serikali nusu ya hoja yake, kwamba mwenendo usiomdhuru mtu unaweza kumnyima mtu haki. Maandamano ya Philadelphia yaliishia mwaka ule. Juni 28, 1970, mwaka mmoja baada ya Stonewall, watu walijaa mitaa ya New York bila sharti la mavazi.

Hata hivyo, wanaomkumbuka kwa suti tu wanamdhulumu. Kwa miaka mingi, bila kuwa mwanasheria, aliwatetea wafanyakazi waliofukuzwa kama yeye. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliacha kuuita ushoga ugonjwa, jambo alilolipigania pamoja na mwanaharakati mwenzake Barbara Gittings. Mwaka 1975 tume ya utumishi wa serikali iliondoa marufuku dhidi ya mashoga katika ajira nyingi za serikali. Kuhusu vibali vya siri za taifa, hoja yake ya vitisho ilisubiri hadi amri ya Rais Clinton ya 1995.

Hakurudi tena kwenye falaki. Mwaka 2009, akiwa na miaka 84, serikali ilimwomba radhi rasmi. Aliyeitoa ni John Berry, mkuu wa ofisi iliyorithi tume ile ile, naye shoga asiyejificha.